Shemeji anapulizia dawa kila siku ya tano, faida ya viazi siioni

SWALI

Shikamoo mama.

Mimi ni mkulima wa viazi mviringo huku Makete, mkoani Njombe. Nina ekari moja juu mlimani ninayolima msimu wa mvua, na kipande kidogo cha vinyungu bondeni kwa ajili ya kiangazi. Baba watoto yuko Makambako kwenye biashara ya mbao, kwa hiyo shamba tunaliendesha mimi na mdogo wake. Shemeji ndiye fundi wa dawa. Mimi nashughulika na mbegu, palizi, vibarua na kutafuta mnunuzi.

Shida yangu ni hiyo dawa. Msimu uliopita shemeji alipulizia kila siku ya tano, mvua inyeshe au jua liwake, tangu viazi viko chini ya goti mpaka majani yanageuka njano. Kila mara anachanganya vitu vinne kwenye bomba moja: mankozebu (dawa ya ukungu) kilo moja ya 14,000, ile nyingine ya metalaksili na mankozebu ya 22,000, dawa ya wadudu ya 13,000 (ni profenofosi) na busta (mbolea ya kunyunyizia majani) ya 11,000. Kijana wa kupulizia analipwa 10,000. Dawa tunakopa kwenye duka la pembejeo hapa kijijini na kulipa tukishavuna. Mwenye duka ndiye anayetuelekeza tuchanganye nini.

Safari hii niliandika kila kitu kwenye daftari. Kulima 150,000. Mbolea 460,000. Vibarua wa kupanda, kupalilia, kuinulia matuta na kuvuna 300,000. Magunia, kamba na kushusha mzigo barabarani 70,000. Dawa 780,000. Vijana wa kupulizia 130,000. Jumla 1,890,000. Mbegu sikununua, nilipanda magunia 10 ya viazi vidogo vilivyobaki mwaka wa nyuma. Nikavuna magunia 52 ya lumbesa, yale yanayojazwa kupita kipimo, mnunuzi akanipa 46,000 kwa gunia, jumla 2,392,000. Nikabaki na 502,000. Nusu milioni kwa miezi yote ile!

Nilipomwambia shemeji tupunguze dawa alicheka, akasema, "Shemeji, ukungu haungoji daftari." Na kweli kuna jirani yetu aliacha kupulizia mwaka mmoja wa mvua nyingi, shamba likawa kama limepitiwa na moto, likanuka mpaka barabarani. Naogopa yasinikute.

Kuna mambo mengine matatu. Kuna miche inayonyauka mchana ikiwa bado ya kijani. Shemeji akiiona anaongeza dozi, lakini haisikii. Halafu kijana mmoja wa kupulizia alitapika na kuumwa kichwa, wakampa maziwa, kesho yake akarudi kazini. Na la mwisho linanisumbua moyoni: tuna kona yetu ya viazi vya kula nyumbani ambayo hatuipulizii kabisa. Shemeji anasema kila mtu hapa anafanya hivyo.

Niache dawa au nipunguze? Na shemeji nimwambieje?

Mama wa wawili, Makete

JIBU

Marahaba mwanangu.

Usiache. Nalitanguliza hilo kwa sababu hesabu yako inaweza kumfanya mtu akasirike na kutupa bomba. Kwa mvua na ubaridi wa Makete, ekari ya viazi isiyo na kinga ya ukungu ni kamari, hasa kama mbegu yenyewe haiuvumilii. Shemeji yako anaujua ugonjwa, ila hajui gharama yake, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Nianze na daftari, maana ndilo lililonifurahisha. Umesema mbegu hukununua. Lakini yale magunia 10 yangeuzwa 46,000 kila moja ungepata 460,000. Ukiyaweka kwenye matumizi, ile nusu milioni inabaki 42,000. Ulichodhani ni faida kilikuwa mbegu yako mwenyewe ikirudi nyumbani. Dawa na kupulizia vimekula 910,000, yaani karibu mara mbili ya mbolea. Ekari yako msimu uliopita ililimwa kwa ajili ya duka la pembejeo.

Sasa tugawanye hiyo 910,000. Kwa bei ulizonitajia, kila mara kijana anapobeba bomba kuimaliza ekari unatoa 70,000, sawa na gunia moja na nusu. Hapo ndipo ninapotaka wewe na shemeji mkae. Msijiulize kama dawa inafaa. Jiulizeni kama upuliziaji wa leo utaokoa gunia moja na nusu ambalo vinginevyo lingepotea. Upo utakaookoa magunia 20, na upo usiookoa hata debe.

Tofauti hiyo inatoka wapi? Ukungu huu, ambao mabwana shamba wanauita bakajani chelewa, ndio uliowaangamiza watu wa Ireland kuanzia mwaka 1845, wakafa kama milioni moja kwa njaa na maradhi yaliyofuata. Kisayansi si kuvu wa kweli. Ni jamaa wa mwani wa majini, ndiyo maana anapenda jani lililolowa, na ndiyo maana dawa za ukungu kama kabendazimu hazimgusi. Akipata majani yaliyolowa usiku kucha na hali ya ubaridi, anaingia. Siku tatu mpaka tano baadaye unaona madoa, na asubuhi chini ya jani unaona unga mweupe pembezoni mwa doa. Unga huo ndio mbegu zake, na upepo wa siku hiyo hiyo unazipeleka kwa jirani.

Kwa hiyo mankozebu, ambayo kwenye pakiti huandikwa mancozeb, ni ngao tu. Inakaa juu ya jani na kumzuia asiingie, na akishaingia haiwezi kumtoa. Ikipuliziwa kabla ya mvua na ikapata saa chache za kukauka, inafanya kazi nzuri kwa bei ndogo. Ikipuliziwa baada ya madoa kutapakaa, umenunua unga wa njano. Metalaksili (tafuta metalaxyl kwenye kibandiko) inaingia ndani ya mmea na inaweza kumkamata aliyeingia jana au juzi, si wa wiki iliyopita. Ina kasoro moja kubwa: ikitumika mara kwa mara ugonjwa unaizoea. Ilishatokea Ireland na Uholanzi mwaka 1980, miaka michache tu tangu dawa yenyewe ianze kuuzwa. Ndiyo sababu inauzwa ikiwa imechanganywa na mankozebu, na ndiyo sababu haitakiwi kuzidi mara mbili au tatu kwa msimu. Ninyi mmeitumia msimu mzima, kila siku ya tano. Shemeji anaweza kuwa anauzoesha ugonjwa dawa ambayo siku moja ataihitaji kweli.

Na tazameni mlichokuwa mnachanganya. Pakiti ya kwanza ni mankozebu. Pakiti ya pili ni metalaksili na mankozebu. Mmenunua mankozebu mara mbili na kuimwaga mara mbili kwenye bomba moja. Mwenye duka aliyewaelekeza hivyo ama hasomi vibandiko, ama anavisoma vizuri sana.

Dawa ya wadudu nayo ilikuwa ya nini? Hujaniandikia mdudu hata mmoja kwenye barua yako. Viazi vya kula juu mlimani wakati wa mvua mara nyingi havihitaji dawa ya wadudu hata mara moja, na ukipulizia ovyo unawaua wale wanaowala vidukari na mchora-jani, halafu unajikuta na wadudu ambao hukuwa nao. Kiangazi kule vinyunguni ni habari nyingine, kuna nondo wa viazi. Huyo naye anadhibitiwa zaidi kwa jembe: inulia matuta vizuri, ziba nyufa za udongo, vuna kwa wakati na usilaze viazi shambani bila kufunikwa. Kama una wasiwasi, pita shambani asubuhi, geuza majani, hesabu unachokiona, ndipo uamue kununua. Busta sitaibishia sana, ila kama mbolea ya 460,000 imewekwa sawasawa, ile 11,000 ya kila mara ina kazi gani?

Ukitoa vitu hivyo viwili na ile pakiti ya pili inayorudia mankozebu, upuliziaji wa kinga unakuwa 14,000 ya dawa na 10,000 ya kijana. Jumla 24,000, nusu gunia na kidogo. Hapo ngao inalipa kirahisi, hata katika wiki yenye mvua kidogo.

Kuna jambo ambalo wakulima wengi hawalitilii maanani, nalo ndilo lenye pesa. Kiazi kinanenepa kwa majani ya kijani. Kuanzia karibu na kutoa maua mpaka majani yanapoanza kuchoka, kila wiki ambayo majani yako hai ni magunia yanayoongezeka chini ya ardhi. Ukungu ukiingia kabla ya hapo, unachimba vigololi. Ukiingia mwishoni kabisa, umechukua kidogo sana, labda uharibu viazi vyenyewe vikiwa havikufunikwa vizuri. Kwa hiyo pesa ya dawa ielekezwe kwenye wiki hizo za kunenepa. Upuliziaji wa majani ya njano hauokoi chochote. Ninyi mlipulizia mpaka njano, kila mara 70,000. Wakati huo kazi yenye faida ni kufyeka majani, kuyatoa shambani na kuacha viazi ardhini kama wiki mbili ngozi ikomae, ndipo mchimbe. Vinachubuka kidogo barabarani, na ukungu wa majani haushuki kwenye viazi.

Msimu wa mvua mimi ningefanya hivi. Miche ikikaribia kugusana kwenye mstari, au mapema zaidi kama shamba la jirani limeshaonyesha madoa, anza na mankozebu peke yake. Rudia kila siku ya saba mvua zikiwa nyingi. Zikikatika, sogeza mpaka siku kumi au hata wiki mbili, ukichungulia chini ya majani kila siku mbili tatu. Metalaksili iweke akiba kwa zile siku ambazo mvua na mawingu ya mlimani havikatiki na viazi viko kwenye kunenepa, na usiipite mara tatu. Ukihitaji nyingine ya kuingia ndani, uliza yenye kiambato tofauti, kwa mfano simoksanili (cymoxanil), si jina jipya la kiambato kile kile.

Tuseme mvua zimekuwa mbaya na umepulizia mara 9, sita za mankozebu na tatu za metalaksili. Sita kwa 24,000 ni 144,000. Tatu kwa 32,000 ni 96,000. Jumla 240,000. Toa kwenye 910,000, unabaki na 670,000 mkononi, na viazi vina kinga bora kuliko mwaka jana. Kule vinyunguni kiangazi utatumia pungufu ya hapo, japo umande wa asubuhi nao uangaliwe.

Bomba lenyewe likaguliwe pia. Nozeli iliyochakaa inamwaga matone makubwa yanayoteleza chini, na kijana anaona anafanya kazi kwa sababu jani linachuruzika. Dawa ifike upande wa chini wa jani. Na dozi ni ile ya kwenye kibandiko. Mambo ya kupima kwa kifuniko cha soda yaachwe.

Ile miche inayonyauka mchana ikiwa ya kijani haina ukungu. Ni mnyauko bakteria, kwa kadiri ninavyoisoma barua yako, na hakuna dawa ya kupulizia inayoutibu, hata shemeji akimwaga pakiti nzima. Uhakikishe mwenyewe: kata kipande cha shina karibu na ardhi, kitumbukize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Zikishuka nyuzi nyeupe kama maziwa, ndio wenyewe. Kiazi ukikikata utaona pete ya kahawia na ute unatoka. Ng'oa mche huo pamoja na viazi vyake na udongo unaouzunguka, upeleke nje ya shamba, na jembe lioshwe. Eneo hilo usirudishie viazi wala nyanya, biringanya au pilipili kwa misimu kadhaa. Panda mahindi, ngano, au pareto, ambayo ni zao lenu la siku nyingi huko, na kwa bahati nzuri lenyewe ndilo linalotoa dawa ya wadudu.

Mnyauko huo unasafiri ndani ya mbegu, na hapa ndipo ile 670,000 ingepata kazi. Mbegu yako ni vile viazi vidogo vilivyobaki baada ya kuuza. Mara nyingi kiazi kinabaki kidogo kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa wa virusi, nawe unampanda tena. Nenda TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo pale Mbeya, au muulize afisa ugani wako akuelekeze kwa mzalishaji aliyethibitishwa na TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu, ununue hata magunia mawili matatu uyazalishe mwenyewe sehemu safi. Uliza aina zinazovumilia ukungu, kama Asante na Sherekea, lakini kwanza hakikisha mnunuzi wako anazitaka. Kama pesa haitoshi, kabla ya maua pita shambani, weka kijiti kwenye miche yenye afya na nguvu, na wakati wa kuvuna chimba hiyo kwanza uifanye mbegu. Hilo halina gharama.

Lumbesa nisiipite kimya. Gunia lako la lumbesa likibeba kilo 120 badala ya 100, magunia yako 52 yalikuwa na viazi vya magunia 62. Hayo 10 ni 460,000 uliyompa mnunuzi bure. Lumbesa imekatazwa kisheria na Wakala wa Vipimo wanalijua hilo vizuri. Unganeni kikundi muuze kwa mizani. Mkulima mmoja akigoma peke yake, lori linapita.

Kuhusu yule kijana, hapa nitasema kwa ukali. Maziwa hayaondoi sumu iliyoingia kwa ngozi na pumzi. Profenofosi iko kwenye kundi la dawa zinazoshika mishipa ya fahamu: kichwa kuuma, jasho, mate mengi, kutapika, kuona ukungu machoni, misuli kuchezacheza. Mtu akionyesha hayo anavuliwa nguo, anaogeshwa kwa maji mengi na sabuni, anapelekwa kituo cha afya pamoja na pakiti ya dawa ili mganga ajue anatibu nini. Kesho yake harudi kubeba bomba. Mankozebu nayo si unga wa ugali. Umoja wa Ulaya mwaka 2020 uliamua kutoiongezea kibali kwa sababu ya madhara kwa uzazi na homoni. Kwetu bado inauzwa, basi itumike kwa adabu: glavu, buti, mikono mirefu, barakoa, kupulizia kwa kufuata upepo, bomba lisilovuja mgongoni, na mjamzito asikaribie. Ndoo ya kuchanganyia isirudi jikoni. Glavu na buti zilipwe na shamba. Ziandike kwenye daftari lako chini ya dawa, kwa sababu ni sehemu ya bei yake.

Duka lile msigombane nalo, deni ni deni. Ila safari hii nenda wewe na karatasi yenye majina ya viambato na idadi, ukope hivyo tu. Angalia kama dawa imesajiliwa na TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu), muhuri haujafunguliwa na tarehe haijapita. Uliza pia bei ya taslimu na bei ya mkopo. Utashangaa tofauti, na ukiweza kununua taslimu hutalazimika kuuza viazi siku ya kwanza ya mavuno kwa bei yoyote ile ili ulipe deni.

Shemeji usimpe mahubiri. Mwambie: "Shemeji, ekari tuigawe katikati. Upande wako pulizia unavyojua, upande wangu nipulizie hivi." Ila usiache upande wowote bila kupuliziwa kabisa, utawachomea wote wawili pamoja na majirani. Kila mmoja aandike alichotumia. Mkivuna, pimeni kwa mizani upande kwa upande, kila mmoja atoe gharama zake. Yeye ni fundi, atakubali kushindana.

Mwisho ile kona ya nyumbani. Nakuelewa moyo unavyosuta. Kwa viazi vyenyewe hatari ni ndogo kuliko unavyodhani, maana viko ardhini na dawa hizo hubaki zaidi kwenye majani. Ziheshimuni siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye kibandiko, na mkifyeka majani wiki mbili kabla ya kuchimba mtakuwa mmezitimiza nyingi. Ninachokiogopa mimi ni mboga. Najua huko mnachomeka chainizi na maboga pembezoni mwa viazi, na bomba likipita linapita juu ya vyote, jioni mnachuma. Hizo zihamishie mbali na shamba la viazi kabla hujaanza msimu huu.